Kinywa cha Kuazima cha Fundi Kondo

Ukipeleka baiskeli kwa fundi Kondo hapa Tabora, pale kibarazani pa duka la Darwesh, na wewe ni Mnyamwezi, hatakwambia neno. Ataipindua, atazungusha gurudumu, atagonga fremu kwa spana huku ametega sikio kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa, halafu atamgeukia jirani yake, Justus mshona nguo, na kusema, "Mwambie breki zake zimekwisha."

Naye Justus, bila kuinua macho kwenye cherehani, atakwambia, "Breki zako zimekwisha."

Umesimama hapo hapo. Umesikia mara mbili. Ofisa mmoja wa ushirika, mgeni mjini, alidhani ni utaratibu mpya umetoka juu, akauliza na yeye amtafute nani wa kumjibia.

Justus ni Mhaya. Mhaya hana utani na Mnyamwezi, na Justus hasa hana utani na kiumbe chochote, kwa kuwa anajiheshimu mno. Nadhani hata akitaka kucheka huvaa koti kwanza. Ndiyo maana neno likipitia kwake watu huliamini. Kondo ni Mzaramo wa Maneromango, na Mzaramo kwetu ni mtani. Hapo ndipo lilipo jambo lote, nalo si la kucheka, ingawa mtacheka kidogo njiani. Marehemu nitakayemsimulia angechukia tukikosa kucheka.

Wazee wetu walibeba pembe za ndovu, mali ya watu, kutoka hapa mpaka pwani, na kwenda pwani ni lazima upite kwa Wazaramo. Walifika kule miguu imevimba, wananuka kama mzoga. Wazaramo wakawacheka, wakawapa maji, wakawaibia, wakapigana nao, na aliyekufa njiani wakamzika. Mwisho wakachoka wakaafikiana: tutatukanana mpaka Kiyama na asikasirike mtu. Kwa hiyo mtani anaweza kukuita mbwa mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu chako akaenda zake, nawe ukikitaka unakikomboa kwa kuku. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, maana ndugu hawawezi. Ni mpango mzuri kuliko mingi tuliyoletewa baadaye na watu wenye kalamu mfukoni. Una tundu moja tu.

Kondo alikuja Tabora kwa treni kabla ya Uhuru, kumfuata mjomba wake aliyekuwa mpishi. Mjomba akafa, Kondo akabaki na ufunguo wa baiskeli ya mjomba, na kutoka kwenye baiskeli hiyo akajifunza nyingine zote. Hakuoa. Alisema Unyamwezini hakuna wanawake, kuna wapagazi waliovaa kanga. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamletea ugali. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa Tabora aliyemwambia jambo zito, wala yeye hakusema moja. Safari moja malaria ilimkamata barabara, akawa anagaragara hapo kibarazani akilia, "Nakufa! Jamani, nakufa!" Waliopita walimjibu, "Ufe haraka tupate kula!" Darwesh, mwenye duka, ambaye babu zake walitoka Omani na hawakuwa na utani na mtu, ndiye aliyemshika paji la uso, akamwita mwenye gari, akampeleka hospitali.

Kondo alipopona aliifanya hadithi hiyo kichekesho. Hakuliona lile tundu. Sisi pia hatukuliona.

Shilinde alikuwa mtoto wa Apolinaria, mkulima wa Itetemia. Baba yake alipofariki, yule mtoto alikaa pembeni ya mkeka bila kulia, bila kusema, bila kula. Kondo akaja kwenye msiba kama mtani anavyotakiwa. Akaingia ndani, akavaa koti na kofia ya marehemu, akatoka akitembea kwa kuchechemea kama yeye, akasimama mbele ya mjane: "Apolinaria! Huu ugali mnakula watu gani? Mbona mimi sijatengewa?" Watu walianguka kwa kicheko. Na yule mtoto akacheka, kisha hapo hapo kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka akalala. Apolinaria aliniambia kwamba siku ile Kondo alimrudishia mwanawe.

Toka hapo Shilinde hakuondoka kibarazani. Kondo ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, akimkimbilia nyuma ameshika karia, akimtukana ukoo mzima mpaka yule mtoto akagundua anatukanwa kutoka mbali, kwamba karia iliachwa zamani na yeye anakwenda mwenyewe.

Akakua mrefu, mwembamba, mcheshi. Ukaja mwaka wa vijiji. Apolinaria na mwanawe wakahamishwa Itetemia na mihogo yao ikiwa ardhini, wakapelekwa Mapambazuko, kijiji kipya mbele kidogo ya Kwihara, kando ya njia ile ile ya wapagazi wa zamani. Nyumba zilipangwa mstari. Vyoo vilipangwa mstari. Mwenyekiti wa kijiji, Yoramu, mtu mwema mwenye sauti kubwa, alikuwa akichungulia kwa jicho moja kuona kama mstari umenyooka, na mbuzi waliosimama vibaya aliwakemea.

Nyuma ya kijiji kuna kilima cha mawe, na miguuni pake kuna korongo. Shilinde akaanza kuteremka kilima kile kwa baiskeli za kuazima. Kwanza mpaka katikati. Halafu kutoka juu kabisa, akipita juu ya mawe kama mbuzi. Halafu akasogeza udongo, akaushindilia, akatengeneza mwinuko ukingoni mwa korongo, akaruka.

"Unatafuta nini huko hewani?" Kondo alimuuliza.

"Huko hakuna mstari," akasema Shilinde.

Mwenyekiti Yoramu alipoona watu wanakusanyika kila Jumapili, akaona hapa pana jambo la kijiji. Sherehe za Saba Saba zilikuwa zinakaribia na Mapambazuko haikuwa na cha kuonyesha zaidi ya mstari wake. Akatangaza kwamba baada ya hotuba na ngoma ndugu Shilinde ataruka korongo, na mruko huo utaitwa Mruko wa Kujitegemea. Sasa ikabidi Shilinde awe na baiskeli yake mwenyewe, maana walioazimisha walikuwa wamechoka kurudishiwa rimu zilizopinda kama chapati.

Zilipatikana mbili, kuukuu zote. Siku ya kuchagua zikaletwa kibarazani.

Ya kwanza alikuwa nayo Darwesh. Nyeusi, nzito, fremu yake ina vyuma viwili juu badala ya kimoja, ilikuwa imebeba asali kutoka msituni miaka na miaka. Ilinata. Nyuki wawili watatu walikuwa wakiifuata mpaka dukani, kama jamaa wa marehemu wanaofuata mirathi.

Ya pili aliileta Bundala, muuza chai wa stesheni ya Tura, kwa treni. Nyekundu! Matairi manene, hendeli pana kama pembe za ng'ombe wa Igunga. Iliachwa na mtaalamu wa Kizungu aliyekuja kutufundisha kulima tumbaku, zao ambalo bibi zetu walikuwa wakilivuta kabla nchi yake haijajua kiko. Mwanawe ndiye aliyekuwa akiichezea. Watu wakaizunguka kama bibi harusi.

"Shikamoo, mwizi wa pwani," alisema Shilinde.

"Marahaba, punda wa Waarabu," alijibu Kondo.

Darwesh alikohoa huko ndani, tasbihi mkononi.

Kondo akaanza kazi. Akagonga ile nyeusi, fremu, foku, shingo. Ikalia *ngiii*, kama kengele ya misheni. Akavuta spoki moja moja. Akakaa juu yake akairusharusha. Akasema ukitoa madigadi, ukitoa karia, ukashusha tandiko, huyu atateremka mlima na hatauliza.

Kisha akaigonga nyekundu. Fremu ikalia vizuri. Foku ikalia. Akagonga shingo, pale usukani unapoingia. *Pwa.* Kama mtu amegonga boga. Akagonga tena. Akakwangua rangi kwa kucha, chini yake akaona kovu la kuchomelea, nono kama kiwavi.

Sasa sikieni alivyosema, maana ndicho alichokuja kukijutia. Angeweza kusimama, kumshika kijana bega, kusema polepole. Lakini ulimi wa mtani ulikuwa umeshazoea njia yake. Akatupa spana chini, akapaza sauti: "Hii chukua! Itakuua vizuri kabisa, na mimi nitakula kuku wa matanga yako!"

Kibaraza kikalipuka. Mwanajuma, muuza maandazi wa hapo mbele, akamwagikiwa na chai. Shilinde akacheka akashika tumbo: "Mzaramo anaitamani! Jamani, mwoneni macho yake!"

Kondo naye alicheka. Kisha akaacha. "Shilinde. Sikia. Sasa nasema kweli. Shingo imevunjika ikaungwa. Kwa barabara itakwenda. Kwa kuruka haitakwenda."

"Imechomelewa," alisema Bundala, naye hakuficha. "Iligonga jukwaa la stesheni. Kilichoungwa kinakuwa imara kuliko kwanza, hata mfupa hivyo hivyo."

"Mfupa una damu," alisema Kondo.

"Hata mimi nina kovu," Shilinde alisema, akaonyesha goti. "Mbona naruka?"

"Naapa kwa kaburi la mjomba wangu!"

"Mjomba wako aliyeiba kijiko cha treni?" Watu wakaanza upya. Kondo mwenyewe ndiye aliyetusimulia habari za kile kijiko.

Darwesh akatoka nje. "Mwanangu Shilinde, msikilize fundi."

Shilinde akamjibu kwa adabu, mikono nyuma. "Mzee wangu, nyeusi ni yako. Ungesema nini kingine?"

Mzee akarudi ndani. Kweli angesema nini? Alimwambia Kondo baadaye, "Ningempa bure. Lakini ukimpa mtu kitu bure baada ya kumwambia cha mwenzako kibovu, ndipo anajua hakika cha mwenzako ni kizuri." Hata hivyo alijaribu. Aliituma ile nyeusi mpaka Mapambazuko. Ikarudi na salamu nyingi, na kundi la nyuki nyuma yake.

Kondo akafunga safari kwenda kwa Apolinaria. Alimkuta anapura mtama. Alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hilo likaharibu zaidi, maana Apolinaria alianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Mama Shilinde, mwanao asiruke na baiskeli ile."

"Umeanza."

"Sikuanza. Nimekuja kwa miguu kutoka mjini."

"Mnyamwezi akitembea ni mpagazi, Mzaramo akitembea ni mdeni anakimbia. Unamkimbia nani?"

"Nakuapia, Apolinaria."

"Unaapa kwa nini, kwa nguru?" Akamkalisha, akampa uji. Kondo akaunywa. Angefanya nini? Akikaa kimya, walisema amenuna, na Mzaramo aliyenuna ndiye anayechekesha kuliko wote. Akitoa machozi, anaigiza. Alikuwa kama mtu ambaye maisha yake yote amelipa kwa sarafu za kuchezea, sasa ana noti halali mkononi na hakuna duka linaloipokea.

Akakumbuka haki yake. Siku mbili kabla ya sherehe aliingia uani kwa Apolinaria mchana kweupe, akaichukua baiskeli nyekundu, akaipeleka mjini, akaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibaraza, akaumeza ufunguo. Sisemi kwa mfano. Aliumeza, na chai.

Mapambazuko nzima ilifurahi. Huu ndio utani! Kesho yake wakaja na ngoma, Shilinde mbele, jogoo mwekundu kwapani. "Mzaramo, komboo hili hapa! Nipe mke wangu!"

"Sitaki kuku."

Ngoma zikasita. Hilo halipo. Mtani hakatai kuku.

"Anataka wawili!" mtu akasema, na pumzi zikarudi. Akaletwa wa pili.

"Sitaki. Hata mkileta ng'ombe."

Hapo mzee mmoja wa kijiji akasogea, akasema kwa upole kwamba mtani akikataa komboo ameukata utani, na akiukata, basi yeye ni mwizi kama mwizi mwingine, wala hatakuwa na mtu wa kumzika huku ugenini. Kondo aliwatazama. Walikuwa watu wake wote aliokuwa nao duniani. Akasema, "Basi niiteni mwizi."

Nadhani hapo ndipo alipokaribia kabisa kusikika. Shilinde alikunja uso, akamwangalia kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Lakini Mwanajuma wa maandazi akapiga kelele, "Atoe ufunguo kwa njia aliyouingiza!" na ile hali ikavunjika vipande vipande. Mnyororo ulikatwa kwa msumeno wa Kondo mwenyewe. Kuku wawili walifungwa miguu wakaachwa pembeni yake.

Saba Saba ilikuwa na jua na upepo. Yoramu alihutubia mpaka watoto wakalala. Ngoma ikachezwa. Kisha watu wakapanda ukingoni mwa korongo, na juu ya kilima akaonekana Shilinde, shati jeupe, baiskeli nyekundu.

Na katikati ya mteremko, mtu amesimama. Kondo. Mikono ameitanua kama anayezuia ng'ombe.

"Mtani huyo!" watu wakashangilia. Hata Yoramu alipiga makofi, akasema haya ndiyo mapenzi ya makabila. Vijana wa mgambo walipanda wakambeba juu juu. Alipiga mateke. Akamwuma mmoja. Walimtekenya, wakaimba, wakamshusha mabegani mpaka chini kama bwana harusi, naye analia, "Mwacheni! Mwacheni asiruke!" na kila alivyolia wimbo ulikolea, ikawa maneno yake ndiyo kiitikio.

Shilinde alimpungia mkono kutoka juu. Akateremka.

Aliruka vizuri. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu alifanya kazi ya kukifikia kitu hicho. Alipita juu ya mawe, akagusa mwinuko, akaondoka ardhini, na kwa kitambo kile hakuna aliyepumua. Alikuwa juu yetu, juu ya mistari yote, mguu mmoja ameuachia makusudi kwa majivuno. Akavuka korongo. Gurudumu la mbele likagusa ng'ambo.

*Pwa.*

Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Makofi hayakujua yakome wapi.

Alizikwa kesho yake jioni. Na msiba una taratibu zake, hata uwe mchungu namna gani. Pengine hasa ukiwa mchungu. Watu walimtazama Kondo. Hawakumtazama kwa ubaya. Walimhitaji. Apolinaria alikuwa amekaa kama mwanawe alivyokaa zamani, hali, halii, hasemi, na kila mtu alikumbuka aliyemfungua mdomo mtoto yule siku ile.

Kondo alikuja. Kwenye makaburi, kaburi likiwa wazi na jeneza limewekwa kando, aliruka akaingia shimoni. Akalala chali. Pakapita manong'ono ya nafuu, hii tunaijua. Mtani hulala kaburini, anasema hapa ni pangu, mpaka wafiwa wamkomboe.

"Toka, Mzaramo! Kuku huyu hapa!"

Hakutoka.

"Hajashiba, ongezeni!"

Kule chini ikaanza sauti. Ndogo kwanza, kama bawaba. Kisha akalia mtu mzima yule, kwa kifua chote, mchanga mdomoni, akigonga ubavu wa kaburi kwa ngumi: "Niliwaambia. Niliwaambia. Niliwaambia."

Na watu, Mungu atusamehe, wakacheka. Walicheka huku machozi yanawatoka. "Huyu anajua kulia! Hakuna mtani kama huyu!" Mzee mmoja alifuta macho akasema Mnyamwezi akizikwa namna hii amezikwa.

Apolinaria ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alisimama. Akaja mpaka ukingoni, akapiga magoti, akachungulia mle ndani muda mrefu. Kicheko kikafa nyuma yake, mtu mmoja mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Kondo," alisema. Hakumwita Mzaramo. "Ulikuja kwa miguu."

"Nilikuja."

"Ukavua kofia."

"Nilivua."

"Mimi nikakupa uji."

Akanyoosha mkono. Hakutoa kuku. Kondo akaushika, akatoka, na udongo ukamwagika kutoka mabegani mwake kurudi ndani. Halafu jeneza likashushwa, na hakuna mtu aliyefanya mzaha mpaka tulipofika nyumbani, wala baada ya hapo.

Justus alihamia kibarazani mwaka uliofuata na cherehani yake. Siku yake ya kwanza, kabla hajapata hata mteja, fundi alimsogelea, akamwuliza kabila lake, na aliposikia akashusha pumzi kama mtu aliyepata dawa. Watu wa mjini bado humtukana Kondo wakipita, kwa mazoea, na yeye huitikia kwa kichwa. Apolinaria huja kila baada ya mavuno na debe la mtama. Siku moja alikuja akisukuma ile nyeusi ya Darwesh, ambayo ndiyo anayobebea mtama sasa, breki ya nyuma inasuasua. Kondo aliipindua, akaigonga, akasikiliza. Akamgeukia Justus, akafungua mdomo.

"Niambie mwenyewe," alisema Apolinaria.

Kondo aliishika ile breki, spana mkononi. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Imelegea," akasema. "Usiteremke nayo mlima."

"Nimesikia," akasema Apolinaria, akakaa kwenye ngazi kungoja amkazie.